Amechutama na Anachutama: Lugha ya Mwili katika Uhuishaji wa Kompyuta

Neno uhuishaji limekwisha kujipatia makao katika Kiswahili, na limestahili, maana kuhuisha ni kukipa uhai kisichokuwa nao. Hata hivyo, fundi anapoketi mbele ya kompyuta ili auhuishe mwili wa mhusika, neno hilo peke yake halimfikishi mbali. Hana budi kuutaja mwili kiungo kwa kiungo na mkao kwa mkao. Hapo Kiswahili huonyesha mapengo fulani, na pia huonyesha utajiri ambao watungaji wa istilahi hawajautumia ipasavyo.

Chukua mfano wa Blender, programu iliyoanza kama chombo cha ndani cha studio moja ya Uholanzi na ikafanywa huria mwaka 2002. Humo mhusika ana ngozi, yaani umbo linaloonekana, na ndani yake kiunzi cha mifupa ambacho mtazamaji hakioni. Mifupa hiyo imepangwa kiukoo. Kiganja ni mtoto wa kigasha, kigasha ni mtoto wa mfupa ulio juu ya kisugudi, na nasaba yote hurejea nyongani. Mzazi akigeuka, watoto na wajukuu humfuata. Mtoto akigeuka, mzazi hatikisiki.

Mwanafunzi akiambiwa “zungusha mkono nyuzi 30”, azungushe mfupa upi? Mkono katika mazungumzo huanzia begani hadi ncha za vidole. Katika vipimo vya kale mkono mmoja, yaani nusu ya wari, ulianzia kisugudini. Na watu wanaopeana mikono hupeana viganja tu. Neno kiwiko ni tatizo kubwa zaidi: kwa wasemaji wengine ni kisugudi, kwa wengine ni kifundo cha mkono, na wapo wasemao kiwiko cha mguu. Katika insha jambo hili halidhuru sana. Katika kiunzi hudhuru, kwa sababu kisugudi hukunjika upande mmoja kama bawaba ya mlango, hali kifundo hupinda pande zote; atakayeweka mipaka ya kiungo kimoja penye kingine atapata mhusika aliyevunjika mkono. Yafaa kiwiko kiachwe kabisa katika taaluma hii, na kigasha na muundi vitolewe kamusini vifanye kazi.

Mhusika aghalabu huundwa akiwa amenyoosha mikono yote miwili ubavuni, mkao ambao mafundi wameuita kwa herufi T. Kiswahili hakina haja ya herufi hiyo. Urefu wa mikono iliyonyooshwa, kutoka ncha hadi ncha, ni pima, na mkao wa pima hueleweka na yeyote aliyewahi kupima kamba. Kadhalika neno pozi, linalosikika sana siku hizi, lina harufu ya maringo; mkao latosha.

Lakini utajiri ulio mkubwa zaidi umo katika vitenzi. Kiswahili kina jozi za kale: simama na simika, inama na inika, angama na angika. Kiambishi -am- humtaja aliye katika mkao. -Ik- humtaja anayekiweka kitu katika mkao huo (si -ik- ya vunjika, ambayo ni nyingine). Huo ndio uhusiano wa mhusika na fundi wake. Fundi huinika uti wa mgongo, mhusika huinama.

Zaidi ya hayo, vitenzi vya mkao hutenganisha hali na tendo kwa njia ya njeo. Amesimama yuko wima. Anasimama bado anainuka. Sasa, kazi ya uhuishaji imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo. Fundi huweka mikao mikuu katika fremu chache alizozichagua, na programu hukokotoa fremu za kati. Mikao mikuu ni ya -me-; fremu za kati ni za -na-. Mfasiri anayeandika “mhusika anasimama” chini ya picha ya mtu aliyetulia wima amekosea sarufi, na pia amempeleka mwanafunzi kwenye fremu isiyo yake.

Tuseme mhusika amesimama katika fremu ya 1 na amechutama katika fremu ya 25, yaani baada ya sekunde moja kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde. Zipo njia mbili za kumfikisha huko. Ya kwanza, ambayo yaweza kuitwa mwendo wa kutoka shinani, humtaka fundi akunje nyonga, kisha goti, kisha kifundo, mfupa baada ya mfupa. Nyayo, zikiwa mwisho wa ukoo, hupeperuka au huzama sakafuni. Ya pili ni mwendo wa kutoka nchani. Nyayo hufungwa mahali pake, nyonga hushushwa, na programu yenyewe hutafuta pembe ya goti. Kwa kuwa goti laweza kuelekea ndani au nje bila unyayo kusogea, fundi huliwekea alama ya kulielekeza. Kwa mkono unaopunga hewani njia ya kwanza hufaa zaidi, maana mkono huo haukushika kitu.

Hata hivyo fremu ya 13 huwa na kasoro. Programu huigawanya safari sawasawa, na viungo vyote huondoka na kufika pamoja. Mtu halisi achutamaye hupeleka nyonga nyuma kwanza, kiwiliwili huinama mbele kuulinda mizani, na mikono huchelewa kidogo. Fundi hulazimika kuingia katikati na kuongeza mkao wa tatu, ambao mhusika wake hajasimama wala hajachutama, naye ameinama.