Kuchagua Ubao Mama wa Kompyuta ya Mezani

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, programu endeshi iliyokuwa imeenea katika kompyuta za shule na ofisi. Windows 11, iliyotolewa mwaka 2021 ili kushika nafasi yake, ina masharti magumu zaidi. Kwa upande wa prosesa za Intel Core, karibu zote zilizotangulia kizazi cha 8 zimeachwa nje. Kwa shule yenye maabara iliyojaa kompyuta za kizazi cha 6 au cha 7, jambo hili ni la fedha: ama mashine zote zibadilishwe, ama ipatikane sehemu moja inayoweza kubadilishwa na nyingine zikabaki.

Fikra inayowajia wengi ni kuitoa prosesa ya zamani na kupachika mpya. Kabla ya fikra hiyo kugharimu hata shilingi moja, hapana budi kwanza utazamwe ubao mama.

Ubao mama ni bamba la nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu, lenye matabaka ya shaba nyembamba ndani yake. Shaba hiyo imechongwa kuwa njia nyingi za umeme, na kila njia ina mwanzo wake na mwisho wake. Ubao wenyewe haufanyi hesabu kubwa. Hiyo ni kazi ya prosesa. Lakini ndio unaoamua ni prosesa ipi itakaa, ni kumbukumbu ya aina gani itaingia, na umeme utafika kwa kiasi gani. Mtu akinunua ubao amekwisha kununua, bila kutambua pengine, mipaka ya kompyuta yake kwa miaka yote itakayofuata.

Mfano mzuri ni soketi iitwayo LGA 1151. Ilitokea mwaka 2015 pamoja na prosesa za Intel za kizazi cha 6, na namba yake inaeleza idadi ya pini zilizomo. Kizazi cha 7 kiliitumia vilevile. Mwaka 2017 kilipotoka kizazi cha 8 kwa kompyuta za mezani, kilikuja na umbo lilelile, idadi ileile ya vituo vya umeme, na jina lilelile la soketi. Prosesa hiyo hukaa juu ya ubao wa mwaka 2015 bila kulazimishwa, na kifuniko cha chuma hufunga vizuri. Hata hivyo kompyuta haifanyi kazi. Intel ilikuwa imebadilisha matumizi ya baadhi ya pini, zikiwamo za kupitisha umeme, na ikataka mbao zenye chipu za usimamizi za mfululizo wa 300 badala ya zile za 100 na 200. Basi mwenye ubao wa H110 akinunua prosesa ya kizazi cha 8 kwa kuwa tu amesoma "1151" kwenye pande zote mbili, amenunua pambo.

Kwa hiyo jina la soketi halitoshi. Kinachotakiwa ni jina kamili la ubao, pamoja na namba ya toleo lake, ambazo kwa kawaida huchapwa juu ya ubao wenyewe kwa herufi nyeupe. Watengenezaji hutoa orodha ya prosesa zinazokubaliwa na kila ubao, na orodha hiyo ndiyo ya kuaminiwa. Neno la muuzaji halina uzito kama wake.

Kampuni ya AMD ilifuata njia ya uvumilivu zaidi. Soketi yake ya AM4 ilipokea prosesa za Ryzen za mwaka 2017, na bado ikapokea zile za mfululizo wa 5000 zilizotoka mwaka 2020. Lakini hata hapa pana sharti. Kila ubao una programu ndogo ya kuiamshia kompyuta, iliyohifadhiwa ndani ya chipu, na programu ya zamani haiijui prosesa iliyozaliwa baada yake. Ubao uliokaa ghalani kwa muda mrefu unaweza kugoma mpaka programu hiyo ifanywe upya, na kuifanya upya mara nyingi kunahitaji prosesa ya zamani iliyo nzima. Baadhi ya mbao zina kitufe cha kufanyia kazi hiyo bila prosesa. Ni kitu kidogo chenye thamani kubwa kwa fundi aliye mbali na mjini.

Kumbukumbu haina masikitiko mengi. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani kamwe. DDR4 na DDR5 zina pini 288 kila moja, lakini pengo lililokatwa ukingoni limewekwa mahali tofauti ili pasiwe na kosa. Kompyuta ya zamani ikiwa na DDR4, kumbukumbu hiyo huweza kuhamia kwenye ubao wa mfululizo wa 300. Ikiwa na DDR3, hiyo ni gharama ya ziada.

Umeme ndio unaostahili kutazamwa kwa makini, na mwanafunzi wa fizikia anaweza kuupima kwa kalamu. Chukua prosesa inayotumia wati 65 kwa volti 1.2 hivi. Mkondo ni nguvu kugawanya kwa volti, yaani zaidi ya ampea 50. Fyuzi ya plagi ya pini tatu ya nyumbani haizidi ampea 13! Ubao mama hupokea volti 12, kisha huzishusha kwa transista, koili na kapasita zilizopangwa kando ya soketi. Katika mbao za bei ndogo sehemu hizo ni chache na hazina vipande vya chuma vya kupoza. Kwa prosesa ya wati 65 na kazi za darasani zinatosha. Kwa prosesa ya wati 125, ndani ya chumba chenye paa la bati saa nane mchana, hupata moto na prosesa ikalazimika kupunguza kasi. Hapo fedha zilizolipiwa kasi zimepotea.

Kapasita zina historia yao. Miaka ya mwanzo ya 2000 mbao nyingi zilifungwa kapasita zenye maji mabovu ndani, zikavimba vichwa na kupasuka kabla ya wakati. Siku hizi nyingi ni za aina kavu, lakini anunuaye ubao uliokwisha tumika na atazame vichwa hivyo. Kichwa kinapaswa kuwa bapa.

Lipo pia suala la umbo. Kipimo cha ATX, kilichowekwa na Intel mwaka 1995, ni milimita 305 kwa 244. MicroATX ni 244 kwa 244. Mini-ITX ni 170 kwa 170. Matundu ya skrubu yamepangwa ili ubao mdogo uweze kukaa katika kasha kubwa. Mtego uko katika kompyuta za ofisi za kampuni kubwa, na ndizo hasa zinazouzwa zikiwa zimekwisha tumika. Mara nyingi kasha lake ni la umbo lake pekee, na plagi ya umeme ina pini sita au nane mahali pa 24 za kawaida. Ubao mpya hauingii. Na ukiingia hauna pa kupata umeme. Rula na dakika tano za kuhesabu pini zinatosha kuujua ukweli huo kabla ya safari ya dukani.

Hesabu ikijumlishwa, ubao, prosesa, pengine kumbukumbu, kasha na kifaa cha kugawa umeme, jibu linaweza kuwa kutonunua ubao kabisa. Mashine nzima ya kizazi cha 8 iliyokwisha tumika huenda ikawa nafuu kuliko vipande hivyo. Aidha, ikiwa lalamiko ni uzito wa kompyuta tu, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti 8, hufanya mengi. Na Linux bado hukubali prosesa za kizazi cha 6 bila shida. Zipo hata mbao zinazohukumiwa kufa kwa sababu ya saa kurudi nyuma na mipangilio kupotea kila umeme unapokatika, kumbe ni betri ya CR2032 ya volti 3 iliyokwisha.

Pale ambapo ubao mpya ndio njia, ufungaji wake uanze na vijiti vya shaba vinavyoutenga na chuma cha kasha. Kila kijiti kiwe chini ya tundu la skrubu, na kilichozidi kiondolewe, maana kikigusa njia za umeme nyuma ya ubao huleta shoti. Kifuniko cha plastiki cha soketi ya LGA kisitolewe mpaka prosesa iwe mkononi: pini zilizo chini yake ni nyembamba kuliko sindano, na mguso wa kidole hutosha kuzipinda.