Gasketi ya Hedi Ichunguzwe Kabla ya Zamu

Gari la doria likichemka njiani, askari waliomo huchelewa kufika, au hawafiki kabisa. Mojawapo ya sababu ni kuungua kwa gasketi ya hedi, yaani bamba jembamba libanwalo kati ya bloku ya injini na hedi yake ili moto wa silinda, maji na oili visichanganyike.

Ndugu dereva, uchunguzi wa kwanza hauhitaji karakana. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta utazame kimo cha maji. Usiufungue kamwe injini ikiwa ya moto, kwani maji hufoka na kuunguza uso. Kisha washa injini: mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta huonyesha kwamba hewa ya silinda inapenya majini. Zima, uchomoe kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Moshi mweupe wa ekzosi utowekao injini ipatapo joto ni mvuke tu. Usiokoma, huku maji yakipungua pasipo kuvuja nje, ni hatari.

Dalili moja haitoshi kutoa hukumu, kwani hata rejeta iliyoziba huchemsha injini. Zikikutana mbili au tatu, gari lisitoke. Kuendelea na safari injini ikichemka huipinda hedi, na hasara ya gasketi moja huwa hasara ya injini nzima. Heri kumwarifu mkuu wako alfajiri kuliko kukwama usiku wa manane.