Uvimbe wa Turkana

Daktari anayepelekwa kaskazini mwa Kenya hujiandaa kwa malaria, nimonia na akina mama wanaojifungulia mbali na hospitali. Yote hayo niliyakuta Turkana miaka ya 1990. Lakini ugonjwa ulionifunza kazi ni uvimbe wa maji tumboni unaoletwa na tegu wa mbwa. Jina lake la kitabibu ni haidatidi, na Turkana ilijulikana kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani.

Tegu huyo ana urefu wa milimita chache tu. Huishi ndani ya utumbo wa mbwa bila kumsumbua, na mayai yake hutoka na kinyesi yakashika kwenye manyoya, kwenye mchanga, kwenye maji ya visima vinavyochimbwa katika mito mikavu. Mbuzi au ngamia akiyameza, mifuko ya maji humea kwenye ini na mapafu yake. Siku ya kuchinja mbwa hutupiwa ini lile, na mambo yanaanza upya. Binadamu huingia humo kwa bahati mbaya: akimeza yai, uvimbe hukua polepole, miaka nenda miaka rudi, mara nyingi bila maumivu yoyote.

Kwa hiyo wagonjwa walitufikia wakiwa wamechelewa. Namkumbuka mama mmoja kutoka upande wa Lokichoggio, tumbo limefura hadi shanga za shingoni zinalala juu yake. Kupitia kwa mkalimani nilimwuliza uvimbe ulianza lini. Akasema ulianza kabla kifungua mimba wake hajapewa mbuzi wa kuchunga. Kifungua mimba huyo ndiye aliyemleta, kijana mrefu, kigoda chake cha kulazia kichwa kikining'inia mkononi.

Kumpasua mgonjwa wa aina hiyo ni kazi ya subira. Maji ya uvimbe yakimwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa mzio na kufa pale pale mezani. Akipona, chembe zilizomwagika humea zikawa uvimbe mwingine. Tulizungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali, tukanyonya maji kwa sindano, ndipo tukaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na vifuko vingine vingi, vyeupe, vinavyoteleza kama zabibu zilizomenywa. Yule mama alipona, akarudi kwa mbuzi wake.

Mashine za ultrasaundi zilileta nafuu kubwa. Tulibeba ndogo pamoja na jenereta, tukatundika shuka chini ya mgunga kuzuia jua, na watu wakapimwa papo hapo bombani. Uvimbe ulioonekana mapema mara nyingine ulitibika kwa vidonge vya albendazole, bila kisu.

Hata hivyo, ukiwatibu watu ukawaacha mbwa, unateka maji kwa pakacha. Tangu miaka ya 1980 wahudumu walikuwa wakipita boma kwa boma wakiwapa mbwa dawa ya prazikwanteli kila baada ya wiki sita, na kuwaomba watu wafukie maini yenye uvimbe.

Wageni wengi walishtuka kusikia kwamba mbwa huachiwa amlambe mtoto mchanga akijisaidia. Waliuita uchafu, na neno hilo liliniudhi sana. Mama anayetembea nusu siku kutafuta dumu moja la maji hawezi kuyamwaga kuoshea mtoto. Ugonjwa ule ulitokana na uhaba wa maji, na wajibu wetu ulikuwa kuanzia hapo.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa kuhama. Mvua ikinyesha upande wa Uganda au Sudan Kusini ya leo, familia zilivuka na mifugo, na mbwa wakafuata. Tulirudi kwenye boma tukakuta miiba mitupu, zamu ya dawa imepita. Nilichokitaka wakati ule ndicho ninachokidai hadi leo: madaktari wa watu na wa mifugo wasafiri katika gari moja, na serikali za pande zote za mpaka zikubaliane ratiba moja ya dawa.