Kupiga Picha Maporomoko ya Maji Wakati wa Kipupwe: Mfano wa Maporomoko ya Thomson, Nyahururu

Utangulizi

Aliyelelewa Migwani, Kitui, huujua mto kuwa ni mchanga. Kwa miezi mingi ya mwaka maji hupatikana kwa kufukua. Ndiposa mwandishi wa makala hii, alipoyaona Maporomoko ya Thomson kwa mara ya kwanza mwezi wa Julai, alipiga picha kwa pupa na nyingi zikaharibika. Makala hii inanuia kufafanua sababu za hali hiyo, na kudokeza funzo lililomo kwa mwanafunzi wa fasihi.

Mazingira

Maporomoko haya ya mto Ewaso Narok yana kimo cha takriban mita 74. Yalipewa jina la Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyeyafikia mwaka wa 1883. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hivyo kipupwe huko ni kikali. Theluji haipo, anayepiga picha hukabiliana na mawingu, ukungu na manyunyu.

Matatizo na Utatuzi Wake

Kwanza, weupe. Kamera hukisia kuwa kila ikionacho kina mng'ao wa wastani. Ikikabiliwa na povu na ukungu hupunguza mwanga, na maji meupe yakatoka ya kijivu. Inafaa kuongeza mwanga kidogo kuliko kamera inavyopendekeza, ila usizidi hadi povu likapoteza umbo.

Pili, mwendo. Mwanga ukiingia kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, matone huonekana yameganda hewani. Ukiingia kwa nusu sekunde, maji hulainika mithili ya hariri. Mwanga hafifu wa kipupwe huwezesha mbinu hii ya pili, mradi kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu.

Tatu, unyevu. Lenzi ipanguswe mara kwa mara kwa kitambaa kikavu. Kamera iliyopoa ikiingizwa katika chumba chenye joto hufanya umande; basi iachwe ndani ya mkoba uliofungwa hadi ipate joto taratibu.

Picha na Uhalisia

Je, ipi ni picha ya kweli: ya matone au ya hariri? Jicho halioni lolote kati ya hayo. Mpiga picha, sawa na msimulizi, huteua muda na mahali pa kusimama, na uteuzi huo humlenga mtazamaji fulani.

Mwandishi alimpelekea nyanya yake picha ya hariri, aliyoionea fahari. Nyanya, ambaye amechota maji mchangani maisha yake yote, aliuliza, "Huu ni moshi wa nini?" Alipoonyeshwa ile ya matone, alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na yote haya huenda wapi, mjukuu wangu?"

Hitimisho

Ufundi wa kamera hufunzika kwa siku chache. Kumjua atakayeitazama picha ndiyo kazi kubwa zaidi, kwa mpiga picha na kwa mwandishi vilevile.