Ujumbe mfupi wenye manufaa makubwa kwa mgonjwa

BAHASHA ya dawa iliyoandikwa “1x3” humweleza mfamasia kila kitu: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Kwa mgonjwa asiyefafanuliwa, huenda ikawa kidonge kimoja kwa siku tatu, au vitatu kwa mpigo mmoja. Ama dawa haitamfaa, ama itamdhuru.

Saa nazo hutatiza. Anayeandikiwa arejee kliniki “8 am” akaisoma kuwa saa nane, atafika mchana, saa sita baada ya wakati alioitiwa.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 humtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoifahamu na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika.

Kwamba maneno machache yanaweza kutosha, lilidhihirika humu nchini hata kabla ya sheria hiyo. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka wa 2010, watu 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa arafa kila wiki, yenye neno moja tu: “Mambo?” Mgonjwa alitakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” katika muda wa saa 48. Aliyesema ana shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki.

Asilimia 62 ya waliopokea arafa walieleza kwamba walimeza dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wenzao. Aidha, virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 yao, dhidi ya asilimia 48.

Arafa hiyo haikutaja ugonjwa wala dawa, hivyo hata ikisomwa na jirani siri haikufichuka. Ilitumia salamu ya kila siku. Zaidi ya yote, ilimwachia mgonjwa nafasi ya kujibu, na jibu lake likashughulikiwa.

Hata hivyo, si kila mtu ana simu, na si kila mwenye simu anajua kusoma. Kwa hao, njia iliyo rahisi haigharimu chochote: kabla mgonjwa hajaondoka dirishani, aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe jinsi atakavyoitumia dawa. Akikosea, arekebishwe papo hapo, maana akishafika nyumbani hana wa kumsahihisha.