Pikipiki kuukuu za safari: namna ya kuchagua bomba la moshi bila kuharibu injini

Pikipiki za safari zilizotengenezwa miaka ya 1980 na 1990 bado zinafanya kazi mashariki mwa Congo. Kwenye nyua za parokia, za maeneo ya afya na za mashirika, bado tunaona Yamaha DT na XT au Honda XL zilizovuka tope na mito kwa miaka mingi. Injini zake zinawaka vizuri. Lakini kuna kifaa ambacho mara nyingi hufa kabla ya injini: bomba la moshi, ambalo wengi kwenye gereji zetu wanaliita échappement.

Likisha kuoza, mwenye pikipiki analazimika kutafuta lingine, na mara nyingi lile la kiwanda halipatikani tena. Wengi huchagua kwa sikio: linalopiga kelele zaidi ndilo wanaloliona lina nguvu zaidi. Hasara huanzia hapo. Bomba lisilofaa linaweza kupunguza nguvu ya kupanda mlima, kuunguza valvu na kuchoma mguu wa abiria.

Kutu huanzia ndani

Lita moja ya esanse ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba linapata joto na mvuke wote unatoka nje. Safari ikiwa fupi, kutoka nyumbani mpaka sokoni, mvuke unapoa na kugeuka maji ndani ya kizuia sauti, yaani lile kopo kubwa la nyuma. Maji hayo hubaki humo na kula chuma. Ndiyo maana bomba linaweza kuonekana zima kwa nje wakati vyumba vyake vya ndani vimekwisha.

Kabla ya kununua chochote, lazima kujua ni sehemu gani iliyokufa. Injini ikiwa bado baridi, iwashe, kisha ziba tundu la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache. Bomba likiwa zima, injini itaanza kukosa pumzi na kutaka kuzimika. Ikiendelea bila shida, na ukasikia mlio wa hewa mahali fulani, hapo ndipo penye tundu. Mara nyingine ni gasketi tu kwenye kichwa cha silinda, kitu kidogo ambacho hakihitaji bomba jipya. Jaribio hili lifanyike nje, kamwe si ndani ya chumba, kwani moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na inaua.

Mfano wa Yamaha XT600

Tuchukue XT600, moja ya pikipiki zinazojulikana zaidi za kizazi hicho. Ilitoka mwaka 1983 kwa jina la Ténéré, wakati mashindano ya Paris-Dakar yalikuwa yamezipa umaarufu pikipiki za aina hiyo. Mfaransa Cyril Neveu alikuwa ameshinda mashindano ya kwanza, mwaka 1979, akiwa juu ya ndugu yake mkubwa, XT500.

XT600 ina silinda moja ya cc 595, inayopozwa kwa hewa. Mabomba mawili membamba yanatoka kwenye kichwa cha injini, yanaungana, kisha moshi unaingia katika kizuia sauti. Mwenye nayo ana njia tatu. Ya kwanza ni kutafuta bomba la kiwanda lililotumika. Ya pili ni kubadilisha kizuia sauti peke yake na kuacha mabomba ya mbele. Ya tatu ni kununua mfumo mzima, kuanzia kichwa cha injini mpaka nyuma.

Kwa pikipiki ya kazi, njia ya pili mara nyingi inatosha, mradi mabomba ya mbele yawe mazima. Lakini kipimo ni muhimu. Vizuia sauti vingi vinavyouzwa kama vinafaa pikipiki zote vina mdomo wa milimita 51, wakati bomba la pikipiki ya zamani linaweza kuwa jembamba zaidi. Hapo inahitajika pete ya kuunganisha iliyokatwa vizuri. Kujaza pengo kwa mkanda au bati hakutadumu kwenye barabara ya mashimo.

Kelele si nguvu

Wapo wanaotoboa kizuia sauti au kukitoa kabisa wakiamini kwamba injini itapumua vizuri. Wengine wanasema injini inahitaji kuzuiwa kidogo ili ipate nguvu. Pande zote mbili zinapotoka njia. Injini haitaki kuzuiwa. Inachotaka ni moshi uende kwa kasi nzuri ndani ya bomba, ili unapotoka uvute nyuma yake mabaki yaliyomo ndani ya silinda. Kasi hiyo inategemea unene na urefu wa bomba. Bomba pana sana linafanya moshi uende polepole wakati injini inazunguka taratibu, yaani pale hasa dereva anapohitaji nguvu: kwenye tope, kwenye mlima, na mzigo ukiwa nyuma.

Kwa pikipiki za miharakati miwili kama DT125 ya zamani, jambo ni zito zaidi. Injini hiyo haina valvu za kufungia moshi. Lile tumbo la bomba lake ndilo linalorudisha wimbi la mgandamizo, ambalo linasukuma ndani ya silinda hewa na esanse vilivyotaka kutoroka. Ukikata tumbo hilo, ukaweka bomba lililonyooka, umeondoa sehemu ya injini yenyewe. Pikipiki itapiga kelele, itakunywa esanse na itashindwa kupanda. Kwa aina hii, heri bomba la kiwanda lililochomelewa viraka vizuri kuliko jipya la mfano mwingine.

Kabureta na milima yetu

Bomba linalopitisha moshi kwa wepesi zaidi hubadilisha pia hewa inayoingia. Kwa pikipiki ya kabureta hakuna kompyuta ya kurekebisha: hewa inazidi, esanse inabaki ileile. Mafundi wanasema mchanganyiko umekuwa mwembamba. Injini inapata joto kupita kiasi na, ikiendelea hivyo, valvu ya moshi inaungua.

Katika eneo letu kuna mtego mwingine, kimo cha milima. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1 500 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta ileile hutoa esanse nyingi kulingana na hewa. Pikipiki iliyowekwa bomba wazi Bukavu inaweza kuonekana haina shida yoyote. Lakini ikiteremka Ngomo kuelekea Uvira, kwenye karibu mita 770, au ikichukua barabara ya Kisangani, chini zaidi, hewa inakuwa nzito na mchanganyiko unakuwa mwembamba. Shida iliyokuwa imefichwa na mlima inajitokeza mbali na nyumbani, mzigo ukiwa juu.

Buji itakuambia ukweli. Baada ya safari ya kilomita kadhaa kwa mwendo wa kawaida, zima injini, iache ipoe, kisha itoe. Rangi ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye masizi inaonyesha esanse imezidi. Nyeupe kama chokaa inaonyesha hewa imezidi: hapo fundi aweke jikleri kubwa zaidi, akipanda hatua moja moja na kupima tena. Milio ya kupasuka unapoachia gesi isikufanye ukimbilie jikleri. Anza kwa kuangalia gasketi, kwani mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye maungio.

Chuma gani?

Chuma cha kawaida kinaoza, lakini kila mchomeleaji wa mtaa anaweza kukitengeneza. Inoksi inadumu zaidi na inachomeleka kwa vijiti vyake maalum. Aluminiamu ni nyepesi, ila ikipasuka hutaishona kwa vijiti vya chuma. Titani inahitaji mashine ya gesi ya argoni na mkono uliofundishwa. Kwa mtu anayesafiri vijijini, swali la kwanza ni hili: likipasuka, nani ataliunga?

Angalia pia ndani. Vizuia sauti vingi vya michezo vimejazwa sufi ya glasi, ambayo huungua polepole na inatakiwa kubadilishwa. Vile vya kiwanda kwa kawaida hutumia vyumba vya chuma visivyohitaji kujazwa. Kama sufi hiyo haipatikani mjini kwako, baada ya muda utabaki na kopo tupu lenye kelele. Na jihadhari na nembo. Majina makubwa kama Akrapovič ya Slovenia au Yoshimura ya Japani yanaigwa sana. Tazama unene wa bati, usafi wa mshono na vishikizo, kwani kibandiko kinaweza kuchapwa popote.

Mzigo, mguu na majirani

Mita moja ya bomba la chuma ikipanda nyuzi 400 za joto hurefuka karibu milimita 5, na ya inoksi karibu 7. Kwa hiyo bomba likifungwa kwa nguvu bila raba kwenye vishikizo, litapasuka kwenye mshono hata kama ni la bei kubwa. Bomba la juu linasaidia kwenye maji, lakini linakaribia mfuko wa mzigo na ndama ya abiria. Kinga ya joto ya kiwanda isitupwe. Ihamishwe kwenye bomba jipya, na mfuko usiguse chuma.

Kuna pia masikio. Wataalamu wa afya ya kazi huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka 3, muda huo hukatwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Motari anayekaa juu ya bomba wazi kutwa nzima anapoteza usikivu wake kidogo kidogo, bila maumivu yoyote ya kumwonya. Wagonjwa, watoto na wanaolala mtaani nao wanalipa bei hiyo. Kama kizuia sauti kina kile kibomba kidogo cha ndani cha kupunguza kelele, kiache mahali pake. Kukitoa kutavuruga mchanganyiko wa kabureta, na faida yake barabarani ni ndogo.

Kabla ya kutoa pesa, nenda dukani na bomba la zamani mkononi. Pima mdomo, linganisha urefu na vishikizo, uliza kama gasketi na jikleri zinapatikana. Baada ya kulifunga, panda mlima unaoujua ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Kama pikipiki inapanda vibaya kuliko zamani, hata kama mlio wake unapendeza, rudi kwa fundi kabla ya kuanza safari ndefu.