Vichwa vya Nguzo na Alama za Olduvai

Wayunani wa kale walikuwa mafundi wakubwa wa kujenga kwa mawe. Mapaa ya mahekalu yao yalichukuliwa na nguzo, na juu ya kila nguzo palikuwa na jiwe lililochongwa, liitwalo kichwa cha nguzo. Vichwa hivyo vilikuwa vya namna tatu. Cha Kidoriki hakina mapambo. Cha Kiioniki kina mizingo miwili kama pembe za kondoo dume. Cha Kikorintho kimechongwa majani. Nguzo ijapovunjika, mjuzi akikiona kichwa chake kimelala majanini hutambua nguzo ilikuwa ya namna gani.

Jambo hili, la alama ndogo kujulisha habari ya kitu kizima, laonekana pia karibu na Karatu. Mtu akitoka Karatu hupanda kwa njia ya msituni hata ukingo wa kasoko ya Ngorongoro. Kisha akiteremka upande wa magharibi, kuelekea nyika ya Serengeti, hufika bonde la Olduvai. Jina hilo latoka katika neno la Kimasai, oldupai, yaani mkonge wa mwituni uotao huko. Maji yamelikata bonde hilo kwa kina kirefu, na kuta zake zaonyesha matabaka ya udongo na majivu ya volkeno, moja juu ya jingine. Lililo chini kabisa ndilo la kale zaidi, nalo huitwa Tabaka la Kwanza. Juu yake ni la Pili, la Tatu na la Nne.

Mwaka 1913 mtaalamu Mjerumani, Hans Reck, alipata huko mifupa ya mtu katika Tabaka la Pili. Akasema mtu huyo ni wa kale sawasawa na tabaka lenyewe. Wengine walikataa, na ubishi ukadumu miaka mingi. Mwaka 1931 Louis Leakey alikwenda Olduvai pamoja na Reck, akakubaliana naye. Lakini udongo ulioizunguka mifupa ulipochunguzwa, vikaonekana ndani yake vijiwe vyekundu mfano wa vile vya Tabaka la Tatu. Vijiwe vya juu vilifikaje chini? Bila shaka kaburi lilichimbwa baadaye, na maiti akafukiwa kwa udongo uliochanganyika. Baadaye ilijulikana kwamba mifupa ile ni ya miaka kama 17,000 tu, na Tabaka la Pili lapita miaka 1,000,000. Mifupa haikusema uongo. Ilihesabiwa katika tabaka lisilo lake.

Kwa sababu hiyo kila kitu kitokacho Olduvai hupewa alama. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu lenye magego makubwa sana. Alama yake ni OH 5. Herufi O ni Olduvai. H ni jamii ya binadamu na viumbe wa kale waliofanana naye. 5 ni namba yake katika orodha. Mifupa ya Reck ni OH 1. Mahali fuvu lilipoonekana paliitwa FLK: F na L ni Frida Leakey, na K ni neno la Kiswahili, korongo. Hivyo neno letu limeingia katika vitabu vya wataalamu wa dunia nzima. Fuvu hilo, lililotoka katika Tabaka la Kwanza, limewekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Siku hizi orodha za namna hii huwekwa katika kompyuta, zimepangwa kwa safu kama nguzo zilizosimama. Kila safu ina kichwa chake: namba, mahali, tabaka, mwaka. Tazama tarakimu hizi: 5, 1, 1959. Pasipo vichwa, nani ajuaye maana yake? Vichwa vikirudishwa, yasomeka hivi: namba 5, Tabaka la 1, mwaka 1959. Ndiyo maana wataalamu hukubaliana kwanza juu ya vichwa na mpango wa orodha, ili mtu wa nchi nyingine aweze kuisoma baada ya miaka mingi.

Basi mtoto akiokota Karatu jiwe la ajabu au mfupa uliogeuka jiwe, asiuondoe mahali pake, bali awaarifu wakubwa. Ukiisha kuondolewa pasipo kuandikwa, nusu ya habari yake imepotea. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.